Mbegu Nilizozilaza Juu ya Moshi

Siku ile shambani tulikuwa saba. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba. Alikuwepo mdogo wangu anayenifuata, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu, na kitinda mimba wetu wa gredi ya sita, amevaa sweta ya shule ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Alikuwepo baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliyekuja na buti zake za mvua ingawa njia ilikuwa kavu. Alikuwepo nyanya jirani, ambaye hatuna naye undugu wa damu, na ambaye mbegu zilikuwa zake. Alikuwepo bwana shamba wa eneo letu, ambaye ni mwanamke, na sisi tulimwita madam. Wa saba alikuwa fundi wa matofali. Sijui nani alimwalika. Alisimama pembeni akiukanyaga udongo kwa kisigino, kama mtu anayejaribu godoro dukani.

Ninawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja aliisimulia siku hiyo kwa namna yake, na nimewahi kusikia masimulizi ambayo ndani yake mimi sikufungua mdomo. Niliufungua, na hapo ndipo mambo yote yalipokatikia.

Tulikuwa tumekuja kung'oa maharagwe. Wakati wa kuvuna haukuwa umefika, maana ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Tulikuja kung'oa machache tutazame mizizi, na kwa mizizi hiyo baba mdogo angeamua kama shamba linabaki mikononi mwetu au linakwenda kwa fundi wa matofali.

Shamba lenyewe ni nusu ekari, upande wa Bura, pale mteremko unapoanza kulegea kabla ya kufika barabara ya Taveta. Baba alilima mahindi hapo. Alipokufa, mama akalima mahindi. Mama alipokufa mimi nilikuwa kidato cha pili. Nikarudisha vitabu vya shule, nikarudi nyumbani, nikalima mahindi. Mbuzi tulikuwa tumewauza wakati mama anaugua, kwa hiyo samadi haikuwepo. Kila mwaka tulichukua na hatukurudisha. Nilianza kuona majani ya chini yakigeuka manjano, kuanzia kwenye ncha na kuingia ndani kwa kufuata mshipa wa katikati, na mabua yakawa mafupi hivi kwamba kitinda mimba aliweza kuchungulia juu yake. Mahindi yenyewe yalikuwa yanajaa kiganja, basi. Nilidhani ni mvua. Kwetu jambo lolote baya la shambani tunalisukumia mvua.

Baba mdogo ndiye mtu mzima wa ukoo aliyebaki, na hati ya shamba mpaka leo ina jina la babu. Si mtu mbaya. Ana watoto watano na mgongo unaomsumbua, na tulipofiwa ndiye aliyelala kwetu wiki mbili nzima kwenye benchi la jikoni. Alipokuja kuniambia habari ya fundi wa matofali, alikuja na sukari.

"Mama," akaniambia. Huniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Hii shamba imechoka. Wewe mwenyewe unaiona. Huyu mtu anataka udongo tu, mita moja ya juu. Atalipa, huyu wa shule asome."

Nikamuuliza akishachukua hiyo mita moja sisi tutabaki na nini.

"Mtabaki na shimo. Lakini shimo lenu."

Akacheka. Akaona sikucheka, akaanza kukoroga chai ambayo alikuwa amekwisha kuikoroga.

Nilichofikiria ni kwamba udongo ukishatoka haurudi. Nyumba ikianguka unajenga nyingine, mbuzi akifa unaweza kumpata mwingine, lakini ile mita moja ya juu ndiyo baba aliyokuwa anaiita shamba. Chini yake ni changarawe nyekundu isiyotoa hata magugu. Nimeiona mahali ambapo barabara ilikatwa.

Aliyenipa tumaini ni mdogo wangu. Alikuja nyumbani likizoni na daftari lake la kilimo, na Jumamosi moja tukiwa tunapukusa mahindi akaanza kunieleza kitu walichofundishwa. Alisema hewa tunayovuta imejaa naitrojeni, chakula ambacho mmea unakihitaji kuliko vyote, lakini mmea hauwezi kuila hewa. Alisema kuna bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huingia katika mizizi ya maharagwe, kunde, pojo na mbaazi. Mzizi ukiwakubali huwajengea vinundu, vyumba kabisa, na kuwalisha sukari inayotengenezwa na majani. Wao nao huichukua ile hewa na kuigeuza chakula cha mmea. Na ukivuna kwa kukata shina, ukaiacha mizizi ardhini, kuna kinachobaki kwa ajili ya mahindi ya msimu unaofuata.

Nilimuuliza nani anawashikilia wasiondoke.

"Hakuna. Mmoja akimnyima mwenzake, wote wanakaa na njaa."

Hilo nililielewa bila daftari. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi sisi watatu.

Nikamwuliza basi kwa nini maharagwe machache niliyowahi kuyachomeka kati ya mahindi hayakufanya lolote. Akasema hajui, huenda shambani mwetu hao bakteria wamekwisha, kwa sababu hapajapandwa jamii ya maharagwe kwa miaka mingi. Tulikwenda kumuuliza madam, na madam akakubali. Akasema kuna paketi inauzwa Voi yenye bakteria hao wakiwa hai. Mbegu hupakwa kabla ya kupandwa. Halafu akasema jambo ambalo lilituokoa kwa muda: kwamba hakuna haja ya kungoja mavuno ili kujua kama shamba linaamka. Maharagwe yakianza maua, unachimba mizizi, unapasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inafanyika.

Nilimpelekea baba mdogo maneno hayo. Fundi wa matofali hufyatua kuanzia Januari, wakati wa kiangazi, ili matofali yakauke kabla ya masika. Maharagwe ya vuli yangekuwa na maua katikati ya Desemba. Nikamwomba aningoje mpaka hapo. Alifikiri sana. Akasema sawa, mizizi ikiwa na hiyo damu tunayoisema, shamba ni letu na hatalitaja tena maisha yake yote. Isipokuwa nayo, mwezi wa kwanza fundi anaingia na nisije nikalia mbele ya watu. Tukapeana mkono. Ninakumbuka aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kama anavyowashika wazee.

Sasa mbegu. Za dukani sikuweza, na madam alisema zile zilizokwisha kupakwa dawa ya rangi zingewaua bakteria. Nilikwenda kwa nyanya jirani. Yeye ana maharagwe yake, madogo, mekundu, yenye mstari mweusi kichwani, ambayo alipewa na mama mkwe wake mwaka alioolewa. Sijayaona kwa mtu mwingine yeyote. Wengi huku walikuwa nayo zamani wakayaacha kwa ajili ya yale makubwa yanayotakiwa sokoni. Alikuwa na debe moja tu la mbegu. Nilitaka nusu. Akanitazama, akasema msimu huo magoti yake yamekataa kuinama, mbegu zitazeeka bure, nichukue zote.

Kwetu mbegu ya kuazima hailipwi kwa pesa. Ukimpelekea mtu pesa za mbegu umemtukana, ni kama umemwambia alikuuzia. Unarudisha mbegu ileile, kwa chombo kilekile, na unajaza mpaka inafanya kilima juu ya ukingo. Kisichojaa hakipokelewi, kwa sababu wazee waliamini upungufu huo huingia katika shamba la mwenye mbegu. Nyanya hakunieleza haya, maana hayana haja ya kuelezwa. Alinipa debe lenyewe, bati lililopinda ukingo upande mmoja, akasema tu, "Usinipotezee hili debe langu."

Voi nilikwenda siku ya Jumatatu, kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo lililo karibu na soko. Mwenye duka ni mzee wa asili ya pwani, mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipomtajia paketi hakuelekeza mkono kwenye rafu. Alifungua friji ndogo iliyokuwa na chanjo za kuku, akatoa kipaketi cheusi, akakiweka juu ya meza na kukifunika kwa kiganja.

"Mwanangu, hii si dawa," akaniambia. "Wamo viumbe humu, wanaishi. Ukiwatia juani, umewaua. Ukishawapaka ukawaweka mpaka kesho kutwa, umewaua. Siku utakayowapaka ndiyo siku utakayowapanda, umenifahamu?"

Nikamwambia nimemfahamu. Akaniuliza ninakwenda mbali kiasi gani. Nilipotaja Bura akatafuta gazeti, akalilowesha kwa maji ya friji, akakivingirisha kile kipaketi mara tatu, akakitia kwenye mfuko. Mteja mwingine aliyekuwa akingoja akamtania kwamba siku hizi mzee anauza watoto wachanga. Mzee akamjibu kwamba watoto wachanga wana wazazi, hawa hawana mtu. Nilisafiri nao mapajani, upande wa kivuli.

Mdogo wangu alikuwa amerudi shule. Kabla ya kuondoka alinisomea maelekezo mara mbili na nikayaweka kichwani. Nilingoja mvua siku tatu, paketi ikiwa ndani ya mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa wenye maji. Alhamisi mawingu yakajaa kweli, meusi, yakishuka kutoka mlimani, na kila mtu alikuwa na jembe. Nikaona ndiyo siku. Niliketi kivulini, nikamimina mbegu ndani ya beseni, nikanyunyiza maji ya sukari ili zinate, nikafungua paketi. Ndani palikuwa na kitu kama udongo mweusi wenye unyevu, laini, wenye harufu ya shimo la mbolea. Nikachanganya taratibu kwa mikono mpaka kila mbegu ikawa nyeusi. Nilizimimina katika gunia safi. Beseni nikalisuuza penye bomba letu linalovuja nyuma ya jiko, nikayamwaga maji hapohapo.

Mvua haikunyesha. Mawingu yalipita juu yetu yakaenda kunyesha upande wa Wundanyi, tuliisikia. Shambani kwetu vumbi lilikuwa mpaka kwenye kifundo cha mguu.

Nilikaa na lile gunia nikiwa sijui la kufanya. Kupanda kwenye vumbi siku ileile, kama mzee alivyoagiza, niliogopa, kwa sababu kanga na panya wangemaliza mbegu kabla hazijaota, na mbegu hazikuwa zangu. Kuziacha ndani ya gunia niliogopa pia. Zilikuwa na unyevu, zingefanya ukungu. Jua nilikatazwa. Basi nikafanya kile ambacho mama alikifanya kila msimu wa maisha yake, na mama yake kabla yake. Kwenye jiko letu, juu ya mafiga, kuna uchaga wa fito, mweusi kwa masizi, na hapo ndipo mbegu za nyumba hulazwa ili moshi uzikaushe na kuzilinda na wadudu. Jikoni hapana jua. Ni mahali pa heshima pa mbegu. Nilizitandaza juu ya mkeka mkuukuu, nikawasha moto kama kawaida, nikapika ugali chini yake.

Zilikaa hapo siku nne. Ninakumbuka nilijisikia vizuri kila nilipoinua macho.

Mvua ilipokuja Jumatatu tulipanda, mimi na kitinda mimba, tangu alfajiri mpaka saa nne, kisha yeye akakimbilia shule na miguu ya tope. Maharagwe yaliota yote. Baba mdogo alipita akasema yameota vizuri. Wiki ya tatu yakaanza kupauka. Sikuyapenda, lakini nilijiambia madam alisema mwanzoni huwa hivyo, kabla bakteria hawajakaa sawa. Nyuma ya jiko, penye bomba, mimea kama sita hivi ilijiotea kutokana na mbegu zilizonata kwenye beseni. Hiyo ilikuwa ya kijani kibichi cha kukoza, majani mapana. Tulipita kando yake kila siku tukichota maji. Wote tulisema ni kwa sababu ya maji.

Hivyo ndivyo tulivyofika siku ile ya watu saba.

Madam alitukataza kuvuta kwa mkono, akasema vinundu hubaki ardhini. Alichimba kwa jembe, mbali kidogo na shina, akainua mmea na donge lake, akautumbukiza ndani ya beseni la maji. Udongo ukatoka taratibu. Tulijisogeza wote. Mizizi ilikuwa myeupe na myembamba kama nyuzi za kushonea. Alitafuta kwa kidole mpaka akapata vinundu vitatu vidogo, vya ukubwa wa punje ya mtama. Akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa cheupe. Akapasua cha pili, na cha tatu.

"Hawa hawako kazini," akasema.

"Wako likizo," fundi wa matofali akasema. "Desemba hii, madam, hata wao wana kwao."

Kitinda mimba akacheka, kisha akanitazama, akaacha. Madam akachimba mmea mwingine katikati ya shamba, na mwingine juu kabisa karibu na njia. Alichimba kumi. Nilihesabu, kwa sababu nilikuwa ninangoja mmoja tu. Yote ilikuwa vilevile.

Baba mdogo akamuuliza maana yake ni nini. Madam akafuta mikono, akasema inawezekana paketi ilikuwa imekufa kabla sijainunua. Voi ni joto. Duka likiiacha rafuni wiki mbili, unanunua udongo mtupu.

"Tuliuziwa feki," mdogo wangu akasema haraka. "Mimi nilijua tu. Hao wa Voi wanauza chochote."

Baba mdogo akazungusha kofia yake mkononi. "Kama mliibiwa," akasema, "hilo ni jambo lingine. Mtu aliyeibiwa siwezi kumfungia mlango." Akamgeukia fundi, akamuuliza kama anaweza kungoja mwaka mmoja. Fundi akainua mabega, akasema yeye ana tanuri lingine Mwatate, udongo hautoroki. Madam akasema atakwenda dukani mwenyewe, atadai paketi nyingine, na akilazimika ataripoti. Mdogo wangu alinishika mkono nyuma ya mgongo wake. Hakuuachilia hata tulipoanza kushuka.

Ningeweza kuliacha hapo. Nami nilikuwa ninaamini, kwa muda huo mfupi, kwamba labda ni kweli.

Tulishuka nyumbani kunawa mikono. Madam alipoinama penye bomba aliona ile mimea sita. Akauliza ni ya nani. Kitinda mimba akamwambia imejiotea. Madam akaomba jembe, akachimba mmoja, akausuuza kwa maji ya bomba. Aliuinua tu. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu, vikubwa, vimeshikana kama shanga kwenye uzi. Akapasua kimoja. Kilikuwa chekundu, chekundu kama nyama ya ndani ya ulimi. Maji yake yalimpaka ukuchani.

"Hizi ni mbegu gani?"

"Ni zangu hizo," nyanya jirani akasema. "Ona jani lake. Naijua hata gizani."

"Ni maji ya bomba," mdogo wangu akasema. "Si yamekaa penye maji."

Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali. Fundi hakujali. Madam peke yake alikuwa amekunja uso, akitazama juu shambani, kisha chini kwenye beseni letu lililoegemezwa ukutani. Angeondoka na swali lake, nina hakika. Hakuwa na namna ya kujua. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Nilikuwa ninatazama moshi unavyotoka chini ya bati la jiko, na nilikuwa ninamwona yule mzee wa Voi akilowesha gazeti, na madam akiingia dukani kwake na kitabu cha ripoti.

"Paketi ilikuwa nzima," nikasema. "Hayo ya bomba yaliingia ardhini siku ileile niliyopaka. Ya shamba niliyalaza juu ya uchaga. Siku nne."

"Uchaga gani?" madam akauliza.

Nikamwonyesha kwa mkono. Aliingia jikoni, akainua uso, akatoka akiwa anapangusa macho kwa sababu ya moshi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba siku moja tu ya joto na moshi hapo ingetosha kuwaua.

Hakuna aliyenigombeza. Nyanya jirani akasema hata yeye angeyaweka hapohapo, mbegu haina mahali pengine. Mdogo wangu aliuachilia mkono wangu. Baba mdogo alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Mama yangu mwenyewe angeziweka hapo," akasema. "Lakini wewe na mimi tulipeana mkono."

Nikasema ndiyo, tulipeana.

Nimejiuliza mara nyingi kama alitaka niombe. Nafikiri kama ningeomba angenipa ule mwaka. Alisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lakini aliniambia nisilie mbele ya watu, nami kila nikifungua mdomo niliona kilichokuwa nyuma yake ni kilio tu, basi nikaufunga. Akaondoka na fundi, wakipanda njia bila kuzungumza.

Jioni ile, tukiwa tunachambua mboga, mdogo wangu alizungumza bila kuinua kichwa.

"Ungenyamaza tu, dada."

Nikamwambia yule mzee angeharibiwa jina kwa kosa langu.

"Yule mzee hana habari na wewe. Hajui hata jina lako. Sisi ndio tuna habari na wewe."

Nikaendelea kuchambua mboga. Mdogo wangu alimaliza shule kwa pesa za udongo ule, na sasa yuko chuoni, anasomea kilimo. Tukizungumza kwa simu tunaulizana afya. Hajawahi kunitupia lile jambo usoni, nami sijawahi kumuuliza kama bado analifikiria.

Fundi alianza Januari upande wa chini. Alikuwa mstaarabu, aliacha maharagwe ya juu yakauke kwanza, tukavuna huku vijana wake wakifyatua hatua thelathini kutoka tulipoinama. Maganda yalikuwa mafupi, yenye punje mbili, mengine moja iliyosinyaa. Tulipura kwa nusu saa. Kisha wakachukua na sehemu ya juu. Matofali mengi yalikwenda Voi, na kwa kuwa sasa ninaishi Voi, nikisafisha vyombo katika hoteli moja, wakati mwingine hupita mbele ya nyumba inayojengwa na kuona rangi ninayoifahamu. Siwezi kuapa kwamba ni yetu. Bura, shimo lipo. Mvua ikinyesha linashika maji kwa wiki moja, ng'ombe wa watu wananywa. Baba mdogo alijaribu kupanda mihogo ndani yake. Haikushika.

Lakini ninataka kusema habari ya debe.

Baada ya kupura nilimimina maharagwe yote ndani ya debe la nyanya. Hayakufika nusu. Nilichagua yaliyojaa tu, nikaondoa yaliyosinyaa, yakashuka zaidi. Nikambebea hivyohivyo. Alikuwa ameketi mlangoni, magoti ameyanyoosha juani. Aliingiza mkono, akayachota, akayaacha yapite katikati ya vidole vyake.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Kisha akalisukuma debe kurudi kwangu. "Rudi nayo. Kapande. Yakijaa utaniletea."

"Nyanya, nitayapanda wapi?"

Alitazama upande wa shamba letu. Kutoka mlangoni kwake ungeweza kuona moshi wa tanuri. Akaanza kutafuta kamba. Aliufunga mdomo wa debe kwa kitambaa yeye mwenyewe, mafundo mawili, akaniambia nisilishike kwa upande uliopinda, ninaweza kujikata.

Mwaka uliofuata nilijaribu njia ya mkato. Nilinunua maharagwe mazuri sokoni Voi, debe zima na kilima chake, nikampelekea. Alinishukuru sana, akayapika, akawagawia majirani, na akaniuliza mbegu zake zinaendeleaje.

Huku nilikopanga sina ardhi. Nimezipanda katika ndoo zilizotoboka na magunia, ukutani mwa chumba, mahali panapopata jua asubuhi. Mara ya kwanza kila ndoo ilinipa kiganja. Mara ya pili panya walinitangulia. Zile ninazozitunza zinazeeka. Kila msimu zinazoota ni chache kuliko za msimu uliopita, na moshi siwezi tena kuziwekea. Nimemuuliza kila mtu atokaye Bura kama kuna mwingine mwenye maharagwe mekundu ya mstari mweusi. Wananiambia wanayakumbuka.

Nyanya yu hai. Nikienda kumsalimu hanitajii deni lile, na ningependa anitajie. Mwezi uliopita niliyamimina tena ndani ya debe lake ili nione. Yamefunika chini, na kwa upande mmoja bati bado linaonekana. Ninadaiwa debe zima, na kilima chake.